Wimbo wa Udongo Nilioimbiwa Nikiwa Hai

Mwalimu wangu wa kwanza wa kuimba alikuwa anapiga. Sauti yako ikishuka pale inapotakiwa kubaki juu, alikuja polepole nyuma ya benchi, unasikia viatu vyake, halafu fimbo inakukuta kwenye mbavu. Hasemi neno. Ukilia unaongezwa nyingine, maana kilio chako nacho kimetoka nje ya sauti. Ndivyo nilivyojifunza kuimba sauti ya tatu, kanisani kwetu upande wa Lusangi, na mpaka leo mtu akiimba vibaya karibu yangu mbavu za kushoto zinaniuma. Sisemi alifanya vizuri. Nasema tu nilikua na muziki na kipigo pamoja, na waliofikiri nitatoka mtu mpole walijidanganya wenyewe.

Alipokufa nikashika kwaya mimi. Fimbo yake sikuirithi, lakini mdomo wangu ulitosha. Niliwatukana watu wazima mbele ya watoto wao kwa ajili ya nota moja. Kuna mama mmoja tu ambaye sikumweza, naye ndiye sababu ya haya yote ninayoandika. Alikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama, mjane, mkono wake mzito wa kulima, na sauti iliyofika ng'ambo ya kijito bila yeye kufungua mdomo sana. Nikimkaripia, alinitazama tu mpaka nikasahau nilichokuwa nataka kusema.

Yeye ndiye aliyeongoza nyimbo za udongo. Kwetu mtu wa kanisa akifa, akina mama wanakaa pamoja na kumtungia wimbo wake, siku ileile, kabla ya kaburi kufunikwa. Kiongozi anatoa mstari, wengine wanajibu kwa sauti nne, na mistari hiyo inamsema marehemu jinsi alivyokuwa, wema wake na ubaya wake, bila kumficha. Wakati wa kuimba wanarusha udongo. Udongo ukikwisha, wimbo umekwisha. Hauimbwi tena, hata kwa kuguna jikoni. Umekwenda na mwenyewe.

Hata watu wa msituni, wale wenye bunduki, wanauogopa. Kwetu kila mtu anajua masharti ya dawa ya vita: aliyeivaa asiguswe na mwanamke, asioge kwa sabuni, na asisikie wimbo wa udongo. Akiusikia, dawa imekufa mwilini mwake, na risasi zitamwingia kama zinavyomwingia mtu yeyote. Ndiyo maana kukiwa na maziko wanapita mbali. Ni watoto wa vijiji hivihivi, wamelishwa na mama hawahawa, wanajua.

Basi kanisa liliposema litamtuma mtu mmoja Bukavu akasomee muziki wa kanisa mpaka digrii ya pili, masta, watu walipigana. Hapohapo ndani ya kanisa, baada ya baraka. Mimi nilikuwa nimekwisha kusomea ualimu Kasongo, kwa hiyo jina langu lilitajwa kwanza, na wanaume wa sauti ya nne wakasimama wote pamoja kwa sababu walikuwa na mtu wao. Mmoja aliinua benchi. Mwingine alimkaba shemasi shingo. Mchungaji alisukumwa mpaka akapoteza kiatu kimoja, nami sikukaa pembeni, nilimpiga mtu ngumi ya pua na nikafurahi kuiona damu. Yule mama alichukua mti wa kupigia ngoma, akaingia katikati na kuanza kutupiga mabegani, upande huu na upande ule, bila kuchagua, mpaka tukaachana.

"Ataenda huyu mwenye mudomo mubaya," akasema akinionyesha kwa ule mti. "Siyo kwa sababu tunamupenda. Kwa sababu anasikia."

Wiki iliyofuata akina mama walianza kufyeka msitu ng'ambo ya kijito, wakapanda mpunga, na shamba lile likaitwa shamba la mwimbaji. Kila Alhamisi walikwenda kulima kwa ajili yangu kabla ya kulima kwa ajili ya watoto wao. Vijana wetu waliokuwa wanachimba dhahabu Salamabila waliongeza kile walichopata. Mchele ulipelekwa Kasongo kwa baiskeli, na huko mzee mmoja Mwislamu, mwenye duka, ambaye baba yake alifanya biashara na baba zetu, aliuuza na kunitumia kwa simu bila kukata chake. Nilikula, nikalipa chumba, nikanunua vitabu. Wengine chuoni walikuwa na wafadhili wa ng'ambo. Mimi nilikuwa na akina mama wenye majembe, na yeyote aliyecheka jambo hilo nilimjibu vibaya.

Ilipofika wakati wa kuandika memwari, kile kitabu cha kumalizia masomo, nilichagua nyimbo za udongo. Niliandika kurasa nyingi za maelezo. Profesa wangu alizisoma zote, akazifunga, akazisukuma kwangu juu ya meza.

"Maneno mazuri," alisema. "Wimbo wenyewe uko wapi? Nataka mmoja mzima, sauti zote nne, toka mwanzo hadi mwisho, kwa nota. Bila huo hutetei memwari hii, na masta hakuna."

"Profesa, haziandikwi."

"Basi na wewe hutamaliza."

Rafiki mmoja alinishauri nitunge wa uongo, nani atajua. Nilimwambia atoke chumbani kwangu kabla sijamtoa. Nilirudi nyumbani, Bukavu mpaka Kasongo, Kasongo mpaka kwetu nyuma ya pikipiki, matope mpaka magotini, nikawaza njia nzima jinsi nitakavyoupata wimbo mmoja tu.

Nilifika wakati katekista mmoja mzee amefariki. Nilikwenda maziko na simu yangu ikirekodi ndani ya mfuko wa shati. Yule mama alianza kuongoza. Sijawahi kusikia kitu kama kile, na nilikuwa nimetoka kusikiliza muziki wa dunia nzima katika maktaba. Alipomaliza, akapangusa mikono, akaja moja kwa moja mpaka kwangu na kutia mkono katika mfuko wangu. Aliiweka simu juu ya jiwe la kunolea mapanga, akageuza jembe, akaipiga kwa mgongo wa jembe mpaka ikawa unga. Halafu akanipiga kofi. Mimi, mtu mzima, mwenye mke na watoto, mbele ya kaburi bichi.

"Huyu muzee ameenda na wimbo wake," akasema. "Weye unataka kumuvua nguo kaburini?"

"Mama, bila wimbo mmoja, masta hakuna. Miaka yote hii mulilima bure."

"Basi tulilima bure."

Jioni kulikuwa na mkutano wa kanisa, na mashemasi wawili walinikamata kola hapo nje wakisema mtoto hawezi kula shamba la watu halafu arudi mikono mitupu, aandike tu huo wimbo, huyo mwanamke ni nani. Wengine wakawavamia hao mashemasi. Mashati yalichanika. Mchungaji akapiga kelele kwamba desturi hiyo ilikuwako kabla ya kanisa na yeye hawezi kuivunja. Kwa hiyo kulipokucha nilifunga mzigo wangu kurudi Bukavu kwa aibu, bila wimbo na bila simu. Yule mama nilimwona kwa mbali akielekea shambani na wenzake, jembe begani. Ilikuwa Alhamisi. Sikumuaga.

Mwenye pikipiki alikuwa mpwa wa yule mzee wa duka, mtu wa Kasongo, mwenye utani mwingi. Tulivuka kijito, tukapita kona ya shamba la mwimbaji, na hapo tukakuta mti umelazwa njiani. Akapunguza mwendo, na utani ukamwisha mdomoni. Watu wa msituni walitoka pande zote mbili, majani kichwani, hirizi zimefungwa mikononi juu ya kiwiko. Kamanda wao alikuwa kijana. Kiswahili chake kilikuwa na Kibangubangu ndani yake, kama chetu.

Walimwaga mzigo wangu chini. Nguo hawakuzijali. Walichokiona ni karatasi za nota, nyimbo za kanisa nilizozinakili chuoni. Kamanda alizigeuza huku na huku.

"Hii ni karte," akasema, yaani ramani. "Hii mistari ni njia. Hivi vitone ni waaskari. Iko waaskari wengi namna hii wapi?"

"Siyo waaskari. Ni nyimbo za kanisa."

"Unanidanganya. Hiki kitone cheusi, nani iko hapa?"

Mtu mwenye akili angejibu polepole. Mimi damu ilinichemka. "Hiyo ni sauti ya pili," nikamwambia, "na mtoto wa shule ya Jumapili anaijua kuliko wewe."

Kitako cha bunduki kiliniingia mdomoni. Nilisikia meno yakivunjika kabla ya kusikia maumivu. Nikaanguka, wakanipiga mateke, mgongoni, tumboni, kwenye zilezile mbavu. Mmoja alinikanyaga mkono na kuuzungusha kisigino. Wakaniinua, wakaniambia niimbe basi hizo karatasi kama kweli ni nyimbo. Niliimba. Damu ilikuwa inanijaa mdomoni na niliimba sauti ya tatu peke yake, ambayo bila nyingine haifanani na wimbo wowote, na wao wakacheka sana. Katika kicheko hicho mwenye pikipiki akatimka mbio kuingia kwenye mpunga. Walipiga risasi nyuma yake. Niliona mpunga unatikisika, halafu ukatulia, na nikajua amekufa.

"Mufunge huyu," kamanda alisema. "Muchimbe shimo. Hapa hapa."

Walinifunga mikono kwa kamba ya pikipiki, wakanilaza kifudifudi kando ya njia, na wawili wakaanza kuchimba kwa mapanga. Sikusali. Nataka kusema ukweli, niliwaza kwamba nitakufa bila masta, na shamba lote lile limelimwa kwa ajili ya maiti, na nikalia kwa hasira kuliko kwa woga.

Kumbe yule mtu wa Kasongo hakufa. Alitambaa tumboni mpaka walipokuwa akina mama, akawaambia wamenikamata na wananichimbia. Wanaume walikuwa mbali, kijijini. Wao walikuwa na majembe tu, na watu hawa walikuwa na bunduki. Yule mama, aliniambia baadaye mdogo wake, hakuuliza swali hata moja. Aliinama, akajaza udongo katika kiganja, na wengine wote wakafanya kama yeye.

Niliwasikia kabla ya kuwaona. Ile sauti ilitoka katikati ya mpunga.

"Alikuwa na mudomo mubaya," akaimba.

"Udongo, mupokee," wakajibu, sauti nne zote, za wanawake tupu, sauti ya nne ikiimbwa chini kabisa na mabibi wawili wazee.

Wale waliokuwa wanachimba walisimama. Mmoja aliangusha panga na kuziba masikio.

"Alitutukana juu ya nota."

"Udongo, mupokee."

"Alikula muchele wetu, hakusema aksanti."

"Udongo, mupokee."

Wakatoka kwenye mpunga, wamepangana kama siku ya Jumapili, wakija polepole na kurusha udongo mbele yao. Nilielewa ni wimbo wa nani. Kulala pale na kusikia watu wanakuzika, wakitaja mabaya yako yote kwa sauti nzuri namna hiyo, kunachoma kuliko mateke. Nilitaka kubisha. Aksanti nilikuwa nasema, mara mojamoja. Wapiganaji walikuwa wameanza kurudi nyuma. Watatu walikimbia bila kutazama wenzao. Mmoja, mtoto wa watu, alikaa chini katikati ya njia na kulia. Kamanda aliwafokea, akawapiga kwa ubapa wa panga, hakuna aliyesikia, kwa sababu waliokuwa wamebaki walikuwa wameziba masikio kwa mikono yote miwili na hakuna mtu anayeshika bunduki namna hiyo.

"Alienda mbali kusoma, siye tukalima."

"Udongo, mupokee."

"Mutoto wetu alienda, mutoto wetu aliru..."

Kamanda alifyatua. Yule mama alikwenda chini na magoti kwanza, kisha upande. Risasi ilikuwa imempata shingoni na damu ilitoka kwa nguvu ikawarukia waliokuwa nyuma yake. Wimbo ulikatika. Kwa muda mfupi nilisikia mpunga tu. Halafu mdogo wake, uso wote una damu ya dada yake, akavuta pumzi na kuchukua mstari unaofuata. Hakuna aliyekimbia. Walimzunguka aliyelala, wakampita, wakaja mpaka kwangu, na kunirushia udongo wa mwisho kichwani na mgongoni wakiimba mpaka mwisho. Kamanda alifyatua tena hewani. Kisha naye akazivuta hirizi mkononi, akazitupa kama zimemwunguza, na akaingia msituni kinyumenyume.

Waliponifungua niliokota panga la yule aliyeliangusha. Nilitaka kumkata mtu yeyote. Nilikimbia hatua chache kuelekea msitu, nikajikwaa na kuanguka juu ya shimo langu, nikalipiga lile shimo kwa panga, nikalipiga tena, mpaka mdogo wa marehemu akaninyang'anya.

Tulimzika jioni ileile, maana hatukujua kama watarudi. Akina mama walimtungia wimbo njiani wakiwa wamembeba. Lakini kaburini mdogo wake alifungua mdomo na sauti haikutoka. Akajaribu tena, ikatoka hewa. Akanishika bega, akanisukuma mbele.

"Weye ulisoma," akaninong'oneza. "Imbisha."

Mwanaume hajawahi kuongoza wimbo wa udongo kwetu. Nilikuwa na meno yaliyovunjika, mdomo umevimba, maneno mengine yalitoka kama mluzi. Walininong'oneza mistari na mimi nikaitoa, na walijibu, na nililia bila kuficha. Nilimpenda yule mama. Sikuwahi kumwambia, wala yeye hakunipa nafasi.

Kabla sijarudi Bukavu nilimwendea mdogo wake. Nilimwuliza kuhusu wimbo wangu, ule wa njiani. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua macho.

"Ule ni wako," akasema. "Mwenyewe iko hai. Nani atakukataza?"

Nikauandika. Sauti nne, toka mwanzo mpaka mwisho. Siku ya kutetea memwari, walimu walikaa mbele yangu wakipitisha vidole juu ya nota. Profesa wangu alifurahi, niliona. Kisha akasimamisha kidole.

"Hapa kuna kosa," alisema. "Sauti ya kiongozi inakatika katikati ya neno. Halafu kuna kimya, halafu inaingia sauti nyingine. Ulisahau kumalizia?"

"Hapana, profesa. Ndivyo ulivyoimbwa."

"Hakuna mtu anayetunga hivyo."

"Hapo ndipo alipopigwa risasi."

Profesa aliondoa kidole juu ya karatasi. Mwalimu mwingine, kwa sauti ya chini, aliniuliza kama ninao pia wimbo wa huyo mama mwenyewe, kwa sababu ungefaa sana kuwekwa mwishoni. Nilimtazama usoni, nikasema siujui. Ninao wote kichwani, kila sauti, na sijawahi kuuguna hata nikiwa peke yangu. Walinipa masta.

Kanisa lilinipokea kwa mbuzi na ngoma. Mchungaji alinivika joho, wanaume wa sauti ya nne walinibeba, walewale. Baadaye, watu walipokuwa wanakula, mdogo wa marehemu, ambaye sasa ndiye kiongozi, aliniita nyuma ya kanisa. Alisema akina mama wameketi na kujadiliana habari yangu. Wimbo wangu umekwisha kuimbwa, na wimbo wa mtu hauimbwi tena. Mungu akiniita, nitashushwa kaburini kimya.

"Sawa," nikasema. Nilikuwa nimelitarajia hilo.

"Ngoja, sijamaliza. Tulisema vilevile, ule wimbo haukuisha. Kipande cha neno kimoja kimebaki." Alikuwa anafuta mikono kwenye kitenge chake, pole pole, upande mmoja na upande mwingine. "Siku ya kukuzika tutaimba hicho tu. Tutamumalizia dada."

Ilikuwa Alhamisi, na kulikuwa na msichana mmoja wa kwaya aliyekuwa anajiandaa kutumwa kusoma kwa mchele wa shamba lilelile. Nilivua joho, nikachukua jembe lililoegemea ukuta, nikawafuata akina mama shambani. Walinionyesha mstari wa marehemu, na nikaulima.